Urefu wangu sm 168, nichukue MTB (baiskeli ya mlimani) ya 19 tairi 29 au ya 17 tairi 27.5? Nipo Mwanza

Kijana_Buhongwa:

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela yangu mfukoni. Nakaa Buhongwa, na karibu miezi mitano sasa naendesha MTB ya kuazima ya mshkaji wangu, jumamosi na jumapili alfajiri tunatoka huku tunakamata njia za vumbi tunaibukia Luchelele, tunafuata mwambao mpaka Malimbe afu tunarudi kwa kupanda. Wanaoijua ile njia wanaijua, mara mchanga, mara mwamba umelala katikati, mara korongo ambalo wiki iliyopita halikuwepo mvua imelichimba juzi. Nimeipenda mpaka sasa siwezi kulala jumapili.

Shida ni kwamba hiyo baiskeli inanitesa. Nikifika Malimbe vidole viwili vya mwisho mikono yote vimekufa ganzi, goti la kulia linauma kwa mbele, na kwenye kushuka naona kama navutwa niangukie usukani, nanyoosha mikono mpaka mwisho siwezi hata kukunja viwiko.

Sasa nimejichanga nina laki nne na nusu na nimeona mbili za mtumba. Ya kwanza imeandikwa 19, tairi 29, shokapu mbele, breki za disk za mafuta, anataka laki nne. Ya pili 17, tairi 27.5, shokapu mbele, disk za waya, laki tatu na nusu. Muuzaji wa ile ya 19 ananiambia kaka hii ndo mashine, urefu si tatizo, shusha tu siti. Na kweli ukiziangalia ile ya 19 inapendeza zaidi na breki zake ukigusa kidole kimoja imesimama. Mimi sm 168. Nichukue ipi, na hiyo namba 19 na 17 ni ya nini hasa?

Spoku32:

Mkuu usitoe hela kwanza. Hiyo "shusha tu siti" ndo imewauzia watu wengi baiskeli zisizo zao.

Iko hivi. 19 na 17 ni inchi, na ni urefu wa bomba la siti, lile linalotoka kwenye kranki, pale pedeli zinapozungukia, kupanda juu mpaka pale siti inapochomekwa. Zamani fremu zilifanana maumbo kwahiyo ukijua bomba la siti umejua karibu kila kitu, sa hivi haiko hivyo, wengine wanapima mpaka juu ya bomba wengine wanapima mpaka pale bomba la juu linapokutana, unakuta 17 ya kampuni hii ni ndefu kuliko 18 ya kampuni ile. Stika ikupe mwanga tu, isikuamulie.

Fikiria baiskeli ya mlimani inatumika vipi. Ukiwa unapanda umekaa, mwili wako uko kati ya siti, pedeli na usukani. Ukiwa unashuka umesimama kwenye pedeli, siti haikugusi, kwahiyo vinavyokubeba ni viwili tu, pedeli na usukani. Sasa umbali kati ya hivyo viwili, kwa usawa wa ardhi, ndo wenzetu wanauita richi, yaani kutoka katikati ya kranki kwenda mbele mpaka juu kabisa ya lile bomba la mbele linalobeba foku, ule uma unaoshika tairi la mbele. Kushusha siti au kuisogeza mbele hakubadilishi richi hata milimita moja. Ndo maana kwenye kushuka unanyoosha mikono, fremu ya mshkaji wako ni ndefu kwako na ukiwa umesimama huna pa kujitetea.

Na unaweza kuipima mwenyewe hapo hapo kwa muuzaji, akikukatalia basi ondoka. Beba tepu, uzi na nati moja nzito. Tairi zijae upepo kwanza. Egemeza tairi la mbele liguse ukuta, usukani umenyooka, sakafu iwe tambarare, mtu akushikie baiskeli isimame wima. Pima kutoka ukutani mpaka katikati ya kranki, hapo unaning'iniza uzi wenye nati ushuke wima ili upate usawa sahihi. Kisha pima kutoka ukutani mpaka katikati ya juu ya bomba la mbele, napo kwa uzi. Toa ndogo kwenye kubwa, ulichobaki nacho ndo richi yako. Rudia mara mbili maana tepu ikipinda kidogo tu unakosea sentimita nzima.

Pima na bomba la juu, lakini usifuate mteremko wake, nyoosha tepu sambamba na ardhi kutoka juu ya bomba la mbele mpaka ikutane na nguzo ya siti. Hiyo ndo itakwambia ukikaa utakuwaje.

Afu jipime na wewe. Vua viatu, simama mgongo umegusa ukuta, kitabu kigumu katikati ya mapaja ukipandishe mpaka kibane kabisa kama vile umekalia siti, weka alama ya penseli, pima mpaka sakafuni. Ukipata hiyo namba rudi nayo hapa. Kuna watu wana sm 168 miguu mirefu kiwiliwili kifupi na kuna wengine kinyume chake, hawawezi kuvaa fremu moja.

MzeeWaPhoenix:

Vijana mnajipa presha. Mimi nimeanza kuendesha mwaka 1978 kule Sengerema, baiskeli ilikuwa moja kwa ukoo mzima, baba anapanda, mama anabebwa nayo, mtoto wa miaka nane anaendesha mguu mmoja ameupenyeza chini ya bomba. Hakuna aliyepima mapaja kwa kitabu. Tulibeba samaki, mahindi, mkaa, na mgonjwa tulimbeba. Chukua hiyo yenye breki nzuri mwanangu, mwili utazoea.

Spoku32:

Shikamoo mzee wangu. Sikupingi, na heshima ya baiskeli za Phoenix kwenye kanda hii ya ziwa ni kubwa. Lakini naomba nitofautishe. Phoenix usukani wake umerudi nyuma kumfuata mwendeshaji, unakaa mgongo wima kama uko kwenye kiti, mikono haibebi uzito, na njia yenyewe ni barabara, unakanyaga taratibu. Ile inasamehe mrefu na mfupi. MTB usukani uko mbele na umenyooka, umeinama, kiganja kinabeba sehemu ya uzito wako, afu unateremka mwambani ambapo dakika hiyo hiyo unatakiwa usogeze mwili nyuma, mbele, pembeni. Kijana huyu ana ganzi ya vidole viwili vya mwisho. Huo ni mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo, unabanwa na usukani. Mwili hauzoei kitu hicho mzee, ukiuachia muda mrefu mkono unapoteza nguvu.

MzeeWaPhoenix:

Marahaba. Hilo la mshipa sikulijua. Basi apime.

Dada_wa_Kirumba:

Naomba nichangie maana yamenikuta. Mimi ni mfupi, sm 158, nilinunua baiskeli kwa macho, rangi nzuri, kumbe fremu ya mtu wa sm 175. Nilihangaika nayo miezi minane. Nilidhani mi ndo mlegevu, kila mtu kwenye kundi letu anafika Igombe anacheka mi nafika nimeshika mabega.

Mambo matatu yaliyonisaidia kabla sijaibadilisha. Kwanza siti yangu ilikuwa imeinama pua chini, mtu aliniambia ndo inapunguza maumivu, kumbe ikiinama unateleza kwenda mbele siku nzima na unajizuia kwa mikono, nikailaza sawa na ardhi nusu ya ganzi ikaisha siku hiyo hiyo. Kaka angalia na hiyo ya mshkaji wako leo hii kabla hujanunua chochote. Pili ile mikono ya breki ilikuwa mbali na vidole vyangu, kumbe nyingi zina kaskurubu kadogo karibu na pale mkono wa breki unapopindia, ukikazungusha mkono wa breki unakuja karibu na usukani. Kalichukua dakika mbili na nilikuwa nimeteseka miezi minane! Tatu ni upana wa siti, sisi wanawake wengi mifupa ya makalio imeachana zaidi, siti nyembamba ya mwanaume inakukalisha kwenye nyama badala ya mfupa. Kalia kipande cha boksi laini, utaona vishimo viwili, pima umbali wake ndo utajua siti ya upana gani.

Lakini yote hayo yalikuwa dawa ya kutuliza. Nilipopata fremu ndogo, 15, siku ya kwanza tu nilishuka kile kilima cha Isamilo nimekunja viwiko, nikalia kwa furaha jamani. Usichukue kubwa.

Jitu_la_Magu:

Mi niko upande wa pili, sm 188, na huku mtumba mwingi wa wastani. Nilichukua 17 kwasababu bei nzuri, nikapandisha nguzo ya siti mpaka miguu ikanyooka vizuri, raha. Sikuangalia kwamba kwenye nguzo kuna mstari umechongwa, ule mstari unatakiwa uwe ndani ya bomba, hauonekani. Wangu ulikuwa nje kama sentimita nne. Nilienda nayo hivo hivo miezi miwili, siku moja natoka Kisesa nasikia mlio kama kuni inakatika, naangalia bomba la siti limepasuka kuanzia pale kwenye klampu mpaka kwenye maungio ya bomba la juu. Alumini haipindi ikakuonya kama chuma, inapasuka tu. Nilitembea kwa mguu na baiskeli begani, namshukuru Mungu sikuwa kwenye mteremko.

Kwahiyo na wewe kijana mbali ya saizi kagua fremu, futa vumbi, pitisha kucha kwenye kila maungio, rangi ikiwa na mstari mwembamba kama unywele achana nayo. Na uliza nguzo ya siti ni kipenyo gani, milimita 27.2, 30.9, 31.6 ndo nyingi, imechapwa chini kwenye nguzo yenyewe, kuna wauzaji wanachomeka nyembamba wanaizungushia bati la kopo ili ikae. Hiyo inakula bomba.

Kijana_Buhongwa:

Asanteni sana wakuu, dada asante, nimeilaza siti ya hii ya kuazima na kweli kuna tofauti. Leo nimeenda na tepu na uzi na nati, yule wa 19 alinishangaa ila akanishikia baiskeli.

Mguu wangu ndani kwa kitabu ni sm 78.

Ya 19: ukuta mpaka kranki 104.5, ukuta mpaka bomba la mbele 60, richi 44.5. Bomba la juu kwa usawa 63. Nikisimama juu ya bomba nimeshika chini, sina nafasi kabisa, pale katikati bomba liko sm 80 kutoka chini.

Ya 17: 99 toa 58, richi 41. Bomba la juu 59.5. Pale katikati bomba liko 73.

Shingo za usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, zote mbili milimita 90. Sasa kitu kimenichanganya, nimesoma mtandaoni baiskeli mpya za mlimani saizi M kwa watu wa urefu wangu zina richi ya 43 mpaka 45. Si ina maana ya 19 ndo yangu?

Spoku32:

Safi sana mkuu, umeuliza swali lenyewe.

Zile M mpya zimetengenezwa na shingo fupi, milimita 35 mpaka 50, kwahiyo mikono yako inafika kwenye richi jumlisha shingo. Chukua 44 jumlisha 4.5, unapata 48.5. Ya 19 yako ni 44.5 jumlisha 9, inakuwa 53.5, sentimita tano zaidi, ndo huko kunyoosha viwiko. Ya 17 ni 41 jumlisha 9, 50, imepita kidogo tu, ukiweka shingo ya milimita 60 unashuka mpaka 47, hapo umekaa vizuri. Afu hizo mpya bomba la siti limesimama wima zaidi, limekusogeza juu ya kranki, kwahiyo richi ni ndefu lakini ukikaa usukani hauko mbali. Za zamani siti imelala nyuma, ndo maana ya 19 ina bomba la juu 63.

Utasema basi si niiwekee ya 19 shingo ya 45. Unaweza, na mikono itafika. Lakini lile bomba la sm 80 na wewe una mguu wa 78 huwezi kulikata. Njiani ukikosea kwenye mwamba unaruka chini kwa haraka, unatua kwenye bomba, sihitaji kukueleza inakuwaje. Kwa njia za mawe unataka sm 5 za hewa kati yako na bomba, ya 17 inakupa hizo hizo 5. Tena ya 19 bomba la siti lenyewe refu, siti haishuki vya kutosha unapotaka kuteremka, inakusukuma kifuani.

Nakuelewa kuhusu breki za mafuta, hata mi ningezitamani. Lakini breki utabadilisha mwakani, tairi utabadilisha, usukani, siti, shingo, vyote vinafunguka kwa spana. Fremu ndo hiyo hiyo. Na usije ukaambiwa ongeza foku yenye shokapu ndefu ili ipande mawe, kila milimita 20 unazoongeza mbele zinalaza bomba la mbele karibu digrii moja, kranki inainuka na richi inapungua, umeharibu hesabu yote uliyoipima leo.

Tairi 29 kweli linapita mawe vizuri kuliko 27.5, lakini kwa fremu sahihi. Rimu ya 29 ni milimita 622 na ya 27.5 ni 584, kabla hujalipa ulizia mjini tyubu za 27.5 unazipata wapi, nunua mbili uweke ndani.

Ukiichukua siti anzia hapa, mguu wako 78 zidisha kwa 0.883, inakuja karibu 69, hiyo ni sm kutoka katikati ya kranki mpaka juu ya siti ukifuata bomba. Hesabu hii aliisambaza sana Greg LeMond, Mmarekani aliyebeba Tour de France 1986, 1989 na 1990. Yeye alikuwa wa lami, sisi wa mawe shusha sentimita moja, anza na 68. Na kagua kwa mguu, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba, ukirudisha unyayo mahali pake goti litakunjika kidogo, inatosha.

Kijana_Buhongwa:

Nimechukua ya 17, kwa laki tatu na thelathini. Kuna bei nilishusha kwasababu ya tairi la nyuma limeisha. Fundi alihangaika na shingo, usukani wangu katikati ni kipenyo cha milimita 31.8 na yeye alikuwa na za 25.4 tu, mwisho tukaipata ya milimita 60 kwenye baiskeli mbovu ya mtoto wa mtu iliyokuwa imelala nyuma ya banda lake. Alama ya siti nimeizungushia tepu nyeusi ya umeme ili ikishuka nijue.

Jumapili nimepiga Luchelele mpaka Malimbe na kurudi. Ganzi hakuna. Pale kwenye ule mwamba mpana unaoteremka kuelekea ziwani, ambapo siku zote nashuka nakokota, leo nimepita nimesimama, viwiko vimekunjwa, naona maji yote mbele yangu na wavuvi wanavuta nyavu, sikuwahi kuona kitu pale zaidi ya tairi langu la mbele. Goti kwa mbele limetulia. Ila wakati wa kupanda kurudi Buhongwa limeanza kuuma kwa nyuma, kwenye ule mshipa wa pembeni kwa nje. Hiyo ni kitu kingine au nimeumia?

Spoku32:

Hongera sana mkuu. Goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma nyuma mara nyingi siti iko juu. Shusha milimita 5, usizidishe, sogeza na hiyo tepu yako nyeusi, pumzisha siku mbili afu panda tena kwa gia nyepesi. Likiendelea hivyo hivyo nenda hospitali waliangalie.